Kaburi la Kiganja Kimoja

Kama daktari amekugusa mahali pamoja mara tatu bila ya kusema neno, na wewe umelala unaitazama dari kama kwamba dari ndiyo mgonjwa, basi haya niliyoandika ni yako. Mimi si msomi. Niliishia darasa la nane, na kazi yangu ni kupaka watu hina na ile rangi nyeusi ya piko. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali kutoka msimu wa korosho mpaka mvua za mwaka, na yako mambo ambayo ningalishukuru kuambiwa mapema na mtu wa kawaida, mwenye leso kama yangu.

Jina langu Mishi. Kwetu ni kijiji kimoja karibu na Bodo, nako nimelelewa na Bibi, mama wa mamangu. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Niliambiwa alikuwa na jipu, nami nikaamini, kwa sababu mtoto wa miaka tisa hana haja ya kujua jipu liko wapi.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda Ukunda kujifunza kazi kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura ni somo, yaani yule mwanamke anayemweka bibi harusi ndani, akamsugua mwili kwa singo mpaka akang'aa, akamfundisha mambo ya unyumba. Mimi nilikuwa mkono wake wa hina. Ndoto yangu ilikuwa kufungua chumba changu mwenyewe pale Ukunda, chenye mapazia ya rangi ya zambarau na kibao mlangoni: Nyumba ya Maharusi. Nilikwisha kukichora kile kibao nyuma ya daftari langu, na ile herufi ya kwanza nimeizungushia maua.

Siku moja adhuhuri Bi Zuhura alisaga singo mpya, liwa na maua ya waridi na karafuu kidogo, akataka kuijaribu kabla ya kumpaka mtoto wa watu. Akaniambia nilale mkekani.

"Tulia, bibi harusi wa uongo," akaniambia. "Ukicheka singo inaingia puani."

Nilikuwa nacheka kweli, maana mikono yake inatekenya. Alinisugua mabega, akashuka kifuani, na mkono wake ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Ukasimama tena.

"Mishi, hapa pana nini?"

"Pana titi, Bi Zuhura."

Hakucheka. "Chini ya titi."

Nikapeleka kidole changu. Palikuwa na kitu kama kokwa ya ukwaju, kigumu, hakiumi, ukikisukuma kinakwenda kidogo halafu kinarudi. Upande wa kushoto. Nilioga kila siku kwa miaka yote hiyo na sikukijua.

Bi Zuhura alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mwanangu, mimi nimeshika miili ya watoto wa watu tangu hujazaliwa. Kitu hiki sikijui. Na nisichokijua sikikandi. Nenda nyumbani ukawaambie wakupeleke hospitali."

Nilikwenda nyumbani. Bibi alikuwa uwanjani anamenya kunde. Nilipomwambia, mikono yake iliendelea kumenya, lakini nikaona anatupa kunde na kubakisha maganda.

"Ni jipu la maziwa," akasema.

"Bibi, mimi sijazaa."

"Basi ni baridi. Huko Ukunda mnalala na mafeni."

Akaanza kunikanda. Kila jioni, mafuta ya nazi ya moto na majani aliyoyatwanga mwenyewe, anakanda mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Bibi yangu ni mtani. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenzangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, na hapitishi siku bila ya kunitukana kidogo kwa mapenzi. Lakini alipokuwa akinikanda hakunena. Alikuwa akitazama mlango. Nilimwacha anikande wiki tatu. Dada unayesoma, hizo wiki tatu najuta, nawe usinifuate.

Aliyenitoa pale ni Mjomba Salimu. Mjomba ni ndugu wa Mama, ni mtunza bustani wa hoteli moja kule Galu, na kwetu neno la mjomba ni zito. Alikuja Ijumaa baada ya swala, akakuta kile kibakuli cha majani. Alikinusa. Akakiweka chini kama kwamba kimemwunguza.

"Ni nani anayekandwa?"

"Mimi, Mjomba. Nina kitu titini."

Uso wake ulibadilika, ukawa kama jivu. Alimtazama Bibi muda mrefu, mpaka Bibi akageuza macho.

"Jumatatu tunakwenda Msambweni," akasema.

"Salimu."

"Jumatatu, Mama."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Si kwa sababu ya kokwa. Ni kwa sababu ya ule mtazamo, ambao ulikuwa na habari ndani yake, na habari hiyo ilikuwa yangu, na mimi sikuambiwa.

Mabenchi ya hospitali yana adabu zake. Ukifika unauliza nani wa mwisho, unamkariri uso, halafu unamfuata siku nzima kama kivuli. Wa mbele yangu siku ile alikuwa mama mmoja wa Lungalunga, mnene, mwenye sauti nzuri, ambaye upande mmoja wa kifua chake ulikuwa umelala chini ya leso. Alifungua kikopo cha kaimati akanipa tatu.

"Kula," akasema. "Woga hauingii kwenye tumbo lililojaa. Hauna pa kukaa."

Nilikula. Nilimwuliza amekuja mara ngapi. Akasema amewacha kuhesabu, sasa anawajua madaktari kwa viatu vyao.

Daktari wetu alikuwa dada wa bara, viatu vyake vya raba, kucha fupi, anasema polepole. Alinigusa mara tatu pale pale. Halafu akachukua karatasi.

"Kwa familia yenu, kuna mtu alikuwa na shida ya matiti? Mama, shangazi, nyanya?"

Nilimtazama Bibi, kwa sababu mimi sikujua.

"Hakuna," Bibi akajibu.

"Mamake Mishi alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Jipu."

"Jipu la wapi?"

"Jipu tu, daktari. La mwilini."

Mjomba Salimu alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta. Daktari akaandika. Niliisikia kalamu ikisema hapana, hapana, hapana mpaka chini ya ukurasa.

Wakanipiga picha kwa ile mashine ya mafuta baridi. Halafu siku nyingine wakanitoa kinyama kwa sindano. Sindano yenyewe ina mlio. Daktari aliniambia, "Utasikia ta, kama kitu cha kubania karatasi. Usishtuke." Nikashtuka mara nne, maana ililia mara nne. Baadaye titi likavilia damu. Kwanza likawa rangi ya zambarau, nikajiambia, haya basi, mapazia yangu yamefika. Halafu likawa jeusi kama piko, halafu likageuka manjano pembeni. Nililala chali wiki nzima. Nilijifunza kuoga kwa mkono mmoja na kuvaa buibui kama mtu anayeiba.

Kungoja jibu la sindano kulichukua wiki mbili na siku. Mikorosho nyuma ya nyumba ilikuwa imezaa na watu wanaokota. Nilipaka hina maharusi wawili siku hizo. Nilipokuwa nachora ua katika kiganja, lile duara la katikati lilikuwa linanitazama. Nikawachorea majani matupu, wakaondoka wamefurahi, hawakujua wamepunjwa maua.

Siku ya jibu nilimtafuta mama wa Lungalunga kwenye benchi nikamkuta. Alinipungia mkono wa kulia, wa kushoto ulikuwa umevimba. Kaimati hakuwa nazo. Nilimpa mimi mahamri.

"Si kansa," daktari akasema.

Nilicheka. Nilianza kusimama, nilikuwa tayari nimefika mlangoni katika moyo wangu.

"Ngoja, Mishi. Kaa."

Alinieleza kwa maneno ya kawaida, na nitakuelezea kama nilivyoelewa mimi. Wewe umewahi kumtazama msichana anayejifunza kupaka piko? Mistari yake ni ya ua, jani ni jani, si kwamba anachora kitu kingine. Lakini imesongamana, mingine inatoka nje, mingine inapandana. Bado si uharibifu. Ila ukimwacha bila ya kumtazama, mkono utaharibika. Ndivyo zilivyokuwa chembe za titi langu pale. Zimeanza kukosa mpangilio. Mwanamke mwenye hizo ana hatari ya kansa kubwa kuliko mwenzake asiyekuwa nazo, leo au miaka ijayo, titi hili au lile.

"Na kuna jambo jingine," akasema. "Sindano imeonja mahali padogo tu. Wakati mwingine kansa yenyewe hujificha kando ya chembe kama hizi. Mimi siwezi kukwambia iko au haiko mpaka tuitoe hiyo sehemu yote ikaangaliwe. Jibu liko humo ndani."

Jibu liko humo ndani. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Kisu kilikuja baada ya korosho kwisha, wakati wa jua kali, visima vimepungua maji. Ninakumbuka taa, na nesi aliyenishika mkono akaniuliza nani aliyenipaka hina nzuri namna hii, nikamwambia mimi mwenyewe, na nilikuwa bado namwelezea jinsi ya kukoroga nilipoamka nikajikuta nimefungwa kifua, kinywa kikavu, na jua limegeuka upande.

Kile kilichotolewa kilitiwa kwenye kopo la plastiki lenye maji ya dawa, likafungwa karatasi kwa mpira. Maabara iliyotakiwa iko Mombasa, na kwetu ni jambo la kawaida mwenye mgonjwa kulichukua kopo akalipeleka mwenyewe. Nesi alimkabidhi Mjomba, akamwambia mara mbili: hili ndilo jibu lenu, lifike. Lakini Mjomba alikuwa amepewa ruhusa ya nusu siku tu, akatakiwa Galu. Alitufikisha nyumbani, akalitia kopo mikononi mwa Bibi.

"Mama, nitalipitia asubuhi."

Asubuhi alipokuja, Bibi alimwambia amempa jirani yetu, mwenye duka, aliyekuwa akienda Mombasa alfajiri kuchukua bidhaa. Mjomba aliguna. Halafu akashukuru, kwa kuwa alikuwa amechoka.

Sasa nitakwambia habari za siku zile, maana ndizo ninazoziona usingizini. Sikuweza kuinua ndoo. Mshono ulikuwa unawasha kama siafu waliopanga foleni. Titi lilikuwa limepata shimo upande, nikilala linabonyea kama embe lililoanguka. Na Bibi alikuwa mpole. Alinikogesha mgongo. Alinipikia uji wa mtama, akaupoza kwa kuumiminia huku na huku. Hakunitukana hata mara moja.

"Bibi, hebu niambie basi mimi ni mvivu," nilimwambia. "Nahisi kama nimekufa."

Bakuli likamtoka mkononi. Halikuvunjika, lilikuwa la bati, likazunguka sakafuni muda mrefu.

Kila alasiri alijifunika leso mbili akatoka na kibuyu cha maji, akaelekea makaburini, nyuma ya mikorosho yetu. Mama yuko huko. Nilidhani anakwenda kumwombea Mama dua ili nipone. Alikuwa anarudi na udongo kwenye magoti.

Wiki mbili zikapita, ikaingia ya tatu. Simu ikalia. Alikuwa nesi.

"Mishi, nimewauliza Mombasa kuhusu jibu lako. Wanasema hawajapokea kitu."

Nilimpigia Mjomba. Alikuja hata hajavua mabuti ya bustani. Alipitia kwanza dukani, na mwenye duka akamwambia hajaona kopo wala hajafika Mombasa mwezi huu. Mjomba akaingia uwanjani, akasimama mbele ya Bibi, ambaye alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Mama, kopo la Mishi liko wapi?"

Bibi akaendelea kukuna. "Nimelizika."

Mjomba alichuchumaa ili macho yao yalingane.

"Umelizika?"

"Nyama ya Mwislamu ikikatwa huzikwa. Wewe umesoma madrasa, si mimi wa kukufundisha."

"Mama, mle mlikuwa na jibu."

"Mle mlikuwa na nyama ya mjukuu wangu." Akaacha kukuna. "Wangeitazama, halafu? Wangeitupa. Kama walivyotupa ya Mwanaisha."

Mwanaisha ni mamangu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejishika kifua. Nilisema, "Ya Mama ipi?"

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani kwake, nikasikia sanduku linafunguka, akarudi na vitu viwili mkononi. Kimoja kilikuwa ile karatasi yangu ya maabara, imekunjwa bado na mpira wake. Cha pili kilikuwa kadi ya hospitali ya zamani, ya rangi ya waridi iliyofifia. Bibi hajui kusoma. Alinipa zote mbili kama mtu anayelipa.

Nikaisoma kadi. Jina la Mama. Maneno mengi ya daktari, sikuyaelewa. Mawili niliyaelewa. Titi, kushoto.

"Walimkata," Bibi akasema. "Niliwaomba, nikawaambia nipeni niifunge bafta nikaizike kwetu. Wakaniambia imekwisha kwenda na takataka. Mwanangu alipokufa nilimzika pungufu, Mishi. Ninamwona usingizini anatafuta, anapapasa hivi." Alijipapasa kifua. "Nikasema huyu hatapungukiwa. Nimeiweka miguuni pa mamake. Nimeisomea."

Mjomba alikuwa ameufunika uso kwa mikono yake yenye udongo wa bustani ya watu. Alijua, siku zote alijua. Alikuwa na miaka ishirini wakati ule, akaambiwa anyamaze ili nisije nikakosa mchumba, kwa sababu ugonjwa wa titi ukitajwa nyumba hukimbiwa.

"Tulichimbue," akasema.

"Kilichozikwa hakifukuliwi. Ni mkosi."

"Mama…"

"Mkosi, Salimu. Unataka niite mauti mara ya pili nyumba hii hii?"

Mimi si mtu wa kusema maneno makali. Bi Zuhura huniambia moyo wangu ni wa mkate wa mofa, ukiubonyeza haurudi. Lakini siku ile nilikwenda nikapiga magoti kwenye machicha ya nazi, nikamshika Bibi miguu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mama aliumwa kushoto. Mimi naumwa kushoto. Usiponipa hilo jibu, utakuja kunizika pale pale, na hutahitaji kopo. Utahitaji jeneza."

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu zile siku za kukanda. Sijui aliniona mimi au alimwona Mama. Akachukua jembe.

Mjomba alitaka kulipokea, akamkatalia. Tulimfuata, jua la alasiri likiwa bado kali, majani makavu ya mikorosho yakilia chini ya miguu yetu. Kaburi la Mama lina mawe mawili tu. Miguuni pake palikuwa na kitu ambacho nisingalikiona kama nisingalionyeshwa: tuta dogo, urefu wake kama kiganja, limemwagiwa maji mpaka limekuwa laini, na juu yake maua ya asumini yaliyokauka. Lilikuwa na mawe yake mawili, madogo kama mayai.

Nimeliona kaburi langu. Watu wengi hawapati nafasi hiyo, nami sikutamanii.

Bibi alisoma, akaomba radhi, akapiga jembe mara moja, halafu akaliweka kando akachimba kwa mikono. Bafta ilikuwa imeingia rangi ya udongo. Akaifungua. Kopo lilikuwa zima, kifuniko kimekaza, na ndani kile kitu kikielea kwenye maji yake.

"Ulikuwa hukulifungua?" Mjomba akauliza.

"Nililifungua nimkoshe. Ile dawa ikanichoma macho, nikalia kama ninayekata vitunguu. Nikasema basi, na azikwe na maji yake."

Mjomba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, nami nikamfuata, ule mshono ukinivuta kila nikicheka, na Bibi akatutazama kama wendawazimu wake wawili. Siku hiyo hiyo Mjomba alikwenda Mombasa. Pale maabara, kijana wa mapokezi aliligeuza kopo akauliza mbona lina mchanga kwenye kifuniko.

"Sisi ni watu wa pwani," Mjomba akamjibu.

Wakalipokea. Dawa ilikuwa imekihifadhi, wakasema, kinasomeka.

Halafu tukangoja tena, na kungoja huku kulikuwa kubaya kuliko kote, kwa sababu sasa nilikuwa na kadi ya Mama. Niliiweka chini ya mto. Mvua za mwaka zilianza, paa linapigwa, na mimi najigusa kwapani, shingoni, kulia, kushoto. Ukijigusa sana kila mahali panakuwa na kitu. Lile tundu miguuni pa Mama lilibaki wazi. Mvua ililijaza maji, yakawa yanaonekana kutoka mlango wa jikoni, yanametameta. Bibi alikuwa anakwenda kuyachota kwa kata.

Siku ya jibu, benchi lilikuwa limejaa. Nilitazama nyuso zote. Mama wa Lungalunga hakuwapo. Pale alipokuwa akikaa, kwenye kona karibu na mlango, palikuwa na mwanamke mwingine na mkoba wake. Sikuuliza. Nilikuwa nimembebea kaimati, nikampa huyo mwanamke, nikamwambia ale, woga hauingii kwenye tumbo lililojaa.

Daktari aliisoma karatasi yote kabla ya kuniambia. "Hakuna kansa iliyojificha. Ni zile zile chembe tulizoziona. Zimetoka."

Hakuna aliyesimama safari hii. Tulikuwa tumejifunza kungoja sentensi ya pili.

Lakini aliyesema alikuwa Bibi. "Daktari, ile karatasi uliyoniuliza siku ya kwanza. Uliandika hakuna."

"Ndiyo, mama."

"Futa. Alikuwako. Mwanangu, mama wa huyu. Titi hili hili."

Daktari akaitafuta ile karatasi, akafuta, akaandika upya. Nilimpa kadi ya waridi. Aliisoma polepole.

"Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na mitatu," akasema Mjomba.

Kalamu ilisimama, kama ulivyosimama mkono wa Bi Zuhura. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyeitamka ile hesabu, wala haikuwa ngumu.

"Hii inabadilisha mambo," daktari akasema. "Chembe hizi peke yake zina hatari yake. Na mama kuumwa akiwa kijana ina hatari yake. Wewe unazo zote mbili, Mishi. Simaanishi utaumwa. Namaanisha hatutakuachia. Nitakuona kila miezi sita."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke, wewe na mimi."

Bibi alikuwa na swali moja. Alitaka kujua kile kinyama kiko wapi sasa. Daktari alimweleza kwamba kimefungwa kwenye nta, kikawekwa kwenye droo Mombasa, na kitatunzwa, ili kikitokea kitu baadaye walinganishe.

"Kwa hivyo hakijatupwa."

"Hakijatupwa."

"Wala hakijazikwa."

"Hapana, mama."

Bibi akatafakari. "Kinangoja," akasema.

Tulirudi nyumbani. Jioni Bibi alikwenda nyuma ya jiko, akakata kipande cha mgomba, ukubwa wa lile kopo, akakifunga kwenye ile bafta aliyokuwa ameifua. Kwetu wazee husema kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, maana likiwa tupu huita mtu. Akaenda akakizika kile kipande miguuni pa Mama, akafukia, akarudisha yale mawe mawili. Sikumkataza. Akirudi akanipita mlangoni.

"Unanitazama nini, mke mwenza mvivu? Vyombo vinakungoja tangu asubuhi."

Wallahi nililia kwa furaha.

Niko Ukunda sasa. Nyumba ya Maharusi bado iko nyuma ya daftari, lakini Bi Zuhura ameniachia singo niisugue mimi, maana magoti yake yamechoka. Ninasugua taratibu, mikono miwili, ninazunguka titi mpaka kwapani, na nisipokuta kitu ninaendelea na utani. Wawili mpaka sasa mkono wangu umesimama kwao. Mmoja alikwenda Msambweni, akaambiwa ni uvimbe wa maji tu, akanirudia na halua. Wa pili bado sijasikia. Nawe usingoje somo akugundue. Jiguse. Ukikuta usichokijua, usikikande. Na ukiulizwa kwenu nani aliumwa, mtaje, hata kama amelala.

Mgomba huoza upesi. Lile tuta limedidimia, pamekuwa na kishimo tena, si kikubwa. Kila nikitoka kupimwa salama ninapita nyuma ya mikorosho, ninamsalimu Mama, ninachota mchanga kiganja kimoja ninakitia pale. Nimekwisha kutia viganja viwili. Bado hakijajaa.